Mpe mwanajeshi cheo chake, kuanzia praiveti

Msomaji wa magazeti yetu amezoea kukutana na mtu mmoja mwenye majina manne. Kichwa cha habari kinamwita Kanali, aya ya kwanza inamtaja kuwa Luteni Kanali, katikati ya habari anageuka kuwa Kamanda, na mwisho kabisa mwananchi aliyehojiwa anamwita afande. Mwandishi hakukusudia kumpotosha mtu. Alitaka tu asirudierudie neno moja, kama wengi tulivyofundishwa shuleni kwamba kurudia neno ni udhaifu wa insha. Lakini maneno hayo manne hayana maana moja, na msomaji makini akimaliza kusoma hajui aliyetajwa ni nani jeshini, anaamuru watu wa aina gani, wala anawajibika kwa nani. Nashikilia kwamba namna ya kumtaja mwanajeshi ni sehemu ya habari yenyewe, kama zilivyo tarehe na mahali, na kwamba uzembe wetu katika jambo hili unawaumiza walio chini kuliko walio juu. Jenerali akikosewa cheo, simu italia chumba cha habari asubuhi hiyo hiyo. Praiveti akikosewa, au akiachwa bila cheo wala jina, hakuna atakayepiga.

Neno cheo lenyewe linatusaidia kufikiri. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza pia kwa maana ya kipimo, na jeshini maana hiyo bado iko hai. Cheo kinapima mahali alipo mtu katika ngazi ya amri, na kinakwenda naye anapohamishwa kutoka kikosi hadi kikosi. Wadhifa ni kazi aliyokabidhiwa kwa wakati huo. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ni wadhifa. Jenerali ni cheo. Mnadhimu Mkuu ni wadhifa ambao kwa miaka ya karibuni Tanzania umeshikwa na wenye cheo cha Luteni Jenerali. Kwa polisi pia, Kamanda wa Mkoa ni kiti, na anayekikalia huwa Kamishna Msaidizi au Kamishna Msaidizi Mwandamizi. Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwa Sajini Meja wa kikosi, mlezi wa nidhamu ambaye kila kuruti anaijua sauti yake. Jina la wadhifa wake lina neno meja ndani, lakini yeye si Meja. Cheo chake ni Afisa Mteule Daraja la Kwanza, na anayemwandika Meja amemrusha juu ya Luteni-usu, Luteni na Kapteni kwa mpigo mmoja. Ukitenganisha mambo haya mawili, mengi yananyooka. Jakaya Kikwete aliacha jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali, na alipokuwa Rais kuanzia 2005 hakuna aliyemtaja kwa cheo hicho, kwa sababu mamlaka aliyokuwa akiyatumia yalitoka kwenye sanduku la kura. Marco Gaguti alipokuwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera alikuwa na cheo cha Brigedia Jenerali, na ilikuwa sahihi kuandika vyote viwili, kwani kimoja kilieleza kazi yake pale Bukoba na kingine kilieleza alikotoka.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina ngazi iliyokamilika kwa Kiswahili, na hakuna sababu ya kuivuruga kwa vifupisho vya Kiingereza. Chini kuna Praiveti, Koplo-usu, Koplo, Sajini na Sajinitaji, kisha Maafisa Wateule wa madaraja mawili. Juu yao wapo waliotunukiwa kamisheni: Luteni-usu mwenye nyota moja begani, Luteni mwenye mbili, Kapteni mwenye tatu, halafu Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: ikiwa Meja yuko juu ya Luteni, inakuwaje Luteni Jenerali awe juu ya Meja Jenerali? Jibu limo ndani ya maneno yenyewe. Luteni ni neno la Kifaransa la mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Luteni wa kawaida anashika nafasi ya Kapteni, Luteni Kanali anashika ya Kanali, na Luteni Jenerali ya Jenerali. Kila mmoja yuko hatua moja chini ya yule anayemwakilisha. Meja Jenerali, kwa upande wake, alianza karne nyingi zilizopita akiitwa sajini meja jenerali, yaani mtu wa kupanga safu za jeshi zima, na sajini huyo, ambaye jina lake linatokana na neno la Kilatini la mtumishi, alikuwa chini ya naibu, yaani Luteni Jenerali. Neno sajini likaanguka njiani, cheo kikabaki pale pale. Sajini huyo huyo ndiye ambaye polisi wetu wamezoea kumwita sajenti, neno moja lililopita midomo miwili.

Kwa hiyo neno la mbele katika vyeo hivi haliwezi kukatwa kama mtu anavyokata shina la kabichi. Desturi ya majeshi yaliyorithi utaratibu wa Kiingereza inaruhusu mkato kwa mdomo tu: Luteni Kanali akisemeshwa ana kwa ana huitwa Kanali, na majenerali wa ngazi zote huitwa Jenerali. Ni adabu ya mazungumzo, na Wakenya waliomwita Lazaro Sumbeiywo Jenerali wakati wa mazungumzo ya amani ya Sudan hawakukosea, ingawa cheo chake kilikuwa Luteni Jenerali. Maandishi ni jambo jingine. Anayesoma habari miaka thelathini baadaye hawezi kumwona mtu huyo mabegani. Anachokiona ni herufi tu. Cheo kamili kikishaandikwa mara ya kwanza, jina linatosha katika aya zinazofuata, na hofu ya kurudiarudia maneno inakwisha bila kumzulia mtu vyeo vipya.

Tatizo linaongezeka habari inapovuka mpaka. Tanzania ina Brigedia Jenerali, Kenya ina Brigedia tu. Si ufupisho. Waingereza waliliondoa neno jenerali kwenye cheo hicho baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kenya ikarithi umbo lililobaki. Mhariri wa Dar es Salaam anayeongeza "Jenerali" kwa Brigedia wa Kenya, akidhani anamkamilishia, amebadili cheo kilichotolewa na dola nyingine. Vivyo hivyo anayedhani kila kamanda wa jeshi la anga lazima awe na cheo chenye anga ndani yake. Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza kuwa Brigedia Kenya mwaka 2015 na wa kwanza kuwa Meja Jenerali mwaka 2018, alikabidhiwa kuongoza Jeshi la Anga la Kenya mwaka 2024 akiwa na cheo kile kile cha Meja Jenerali, kwa sababu maafisa wa anga na wa majini wa Kenya hutumia vyeo sawa na vya nchi kavu. Jeshi la wanamaji la Uingereza au la Marekani halifanyi hivyo: kule Kapteni wa meli ya kivita ni sawa na Kanali, na mfasiri asiyejua hilo anamshusha afisa mkubwa hadi kumlinganisha na kijana wa nyota tatu. Habari za Kifaransa zina mtego wake. Katika jeshi la Ufaransa, commandant ni cheo kinacholingana na Meja wetu, na anayekitafsiri kuwa kamanda amefanya cheo kiwe wadhifa. Wakati huo huo, anayeitwa major huko si afisa mwenye kamisheni. Wanaofuata habari za mashariki ya Congo kwa Kiswahili, zikiwa zimepita Kifaransa kwanza, wanastahili mfasiri anayeuliza kwanza neno hilo lina maana gani katika jeshi linalotajwa.

Linabaki neno afande, ambalo ndilo gumu, kwa kuwa tunalipenda. Limesafiri kuliko maneno mengi tuliyonayo. Mzizi wake ni Kigiriki, likimaanisha bwana mwenye mamlaka yake. Waturuki wakalifanya efendi, wakawaita hivyo wasomi na maofisa. Likafika Misri na Sudan. Mwaka 1889 Hermann Wissmann, aliyetumwa na Ujerumani kuizima vita ya pwani ya Abushiri bin Salim, aliajiri mamia ya askari wa Kisudani kutoka Misri, nao wakaja na vyeo vyao: ombasha, yaani mkuu wa kumi, sawa na koplo; shaushi, sawa na sajini; na efendi, kilele ambacho mtu mweusi aliruhusiwa kukifikia. Upande wa Uganda, mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, na kizazi chao cha kijeshi kikaingia katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, lilipoundwa mwaka 1902. Utawala wa Kijerumani ulipoanguka, ombasha na shaushi walitoweka vinywani mwa watu, koplo na sajini wakachukua nafasi. Efendi akabaki. Waingereza walipotafuta mwishoni mwa miaka ya 1950 namna ya kumpandisha Mwafrika bila kumpa kamisheni kamili, walikirudisha cheo hicho. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Kwa hiyo neno tunalolitamka leo kwa heshima kwa mkubwa yeyote liliwahi kuwa dari ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kulipita. Sisemi hivyo ili litupwe. Lugha ina haki ya kuokota neno lililotumika kwa ubaguzi na kulipa maisha mengine, na Kiswahili kimelipa afande maisha mema kuliko yale ya mwanzo.

Maisha hayo yanaonekana wazi katika salamu ya kambini, "Jambo, afande." Mtu asiyelelewa katika Kiswahili anaweza asione uzito wake. Uraiani hatusalimiani kwa jambo peke yake. Hiyo tumewaachia watalii. Salamu yetu ya heshima ni shikamoo, na shikamoo inafuata umri. Sasa mchukue kijana wa miaka 24 aliyetoka chuo cha maafisa cha Monduli na nyota yake moja, umweke kwenye kombania ambamo Afisa Mteule ana miaka 48, ametumikia tangu kabla kijana huyo hajaanza darasa la kwanza. Mtaani kijana ndiye wa kuamkia. Kambini yule mzee ndiye anayesimama wima na kupiga saluti. Kama jeshi lingelazimika kuchagua kati ya shikamoo na amri, mojawapo lingevunjika: ama mzee angedhalilika kwa kumwamkia mwanawe, ama kijana angeshindwa kumwamuru aliyemwamkia asubuhi. "Jambo, afande" inalivusha tatizo zima pembeni. Haimfanyi yeyote kuwa baba wala mtoto. Inasema tu kwamba hapa tunapimana kwa kipimo kingine, na kwamba kile cha nyumbani hakijafutwa, kimewekwa kando hadi jioni. Neno hilo pia halibagui jinsia. Mfaransa husema "mon colonel" kwa mwanamume na kuliacha neno la kwanza anapomwambia mwanamke. Mwingereza hana budi kuchagua kati ya neno la bwana na la bibi. Kwetu mwanamke mwenye kamisheni ni afande, mwanamume ni afande, na hakuna aliyehitaji waraka kulifikia hilo.

Ninalolikataa ni kulitoa neno hilo kambini na kulifanya cheo cha jumla cha kila mwenye sare. Linapowekwa mbele ya jina katika maandishi, Afande Fulani, linafuta kipimo chote: huyo anaweza kuwa koplo, anaweza kuwa kanali. Na linapotamkwa na raia kwa askari barabarani, linabeba jambo zito kuliko adabu. Afande ni neno la aliye chini katika mnyororo wa amri kwa aliye juu yake katika mnyororo huo huo. Raia hayumo. Dereva aliyesimamishwa anatakiwa kutii sheria, na askari aliyemsimamisha anatakiwa kuitii sheria ile ile. Hakuna kati yao anayemwamuru mwenzake kama mkubwa kwa kuruti. Kenya ililitambua jambo hili katika Katiba ya 2010 ilipoacha kuiita polisi jeshi na kuipa jina la huduma. Majina ya taasisi yamebadilika, midomo yetu bado iko kwenye gwaride.

Nitaambiwa kwamba nachokonoa adabu ya watu. Mama anayeuza ndizi stendi anaposema "afande, naomba unisaidie," hafikirii mnyororo wa amri. Anatafuta neno la heshima kwa mtu asiyemjua jina, na lugha ni ya wanaoisema. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu yake. Ni kweli kwamba neno limeenea kiasi kwamba hakuna kamusi itakayolirudisha nyuma, nami sioni sababu ya kumsahihisha mama huyo. Lakini adabu inayochanganyika na hofu haifanani na ile tunayompa mwalimu au mganga wa zahanati, na mama huyo anazijua zote mbili. Ninachotaka ni wale wanaoandika, wanaotangaza na wanaoshuhudia mahakamani wasizichanganye kwa niaba yake. Kwa raia anayetaka kumsemesha mwanajeshi au polisi, njia ipo na ni fupi: cheo peke yake kama anakijua, Koplo, Sajenti, Kapteni, na kama hakijui, ndugu au bwana vinamtosha, na kwa mwanamke bibi, kama tunavyosemeshana sisi wengine wote.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema vyeo hivi vyote ni masalia ya ukoloni, kwa hiyo turudi kwenye "ndugu" ya enzi za TANU kwa wote. Wazo hilo lina heshima yake, na limejaribiwa na watu waliolimaanisha. Warusi walifuta vyeo vya kijeshi baada ya mapinduzi yao, wakavirudisha mwaka 1935. Wachina walivifuta mwaka 1965, katika miaka ile ile ambayo wakufunzi wao walikuwa wakilifunza jeshi la Tanzania lililovihifadhi. Wakavirudisha mwaka 1988. Wapiganaji wa Yoweri Museveni waliingia Kampala mwaka 1986 wakiitana kwa majukumu zaidi kuliko vyeo, na mwaka 1988 nao wakavaa vyeo rasmi. Majeshi matatu yenye historia tofauti, yakiongozwa na wanamapinduzi waliochukia matabaka, yalifikia uamuzi mmoja. Sababu haikuwa kupenda nyota mabegani. Vikosi vinapochanganyika, viongozi wanapouawa, mtu asiyejulikana anapotoa amri usiku, lazima pawe na njia ya kujua papo hapo nani anafuata. Na usawa haukupatikana kwa kufuta majina ya madaraja. Palipokuwa hakuna vyeo, madaraka yalibaki, ila yalijulikana kwa walio karibu na wakubwa tu. Cheo kilichoandikwa begani mtu yeyote anaweza kukisoma, na aliyeonewa na mwenye cheo hicho anajua wa kumtaja.

Hapo ndipo penye swali la vyeo vya kujipa. John Okello alijiita Fildimashali Zanzibar mwaka 1964. Idi Amin, yule efendi wa 1959, alijivisha cheo hicho hicho mwaka 1975. Dedan Kimathi naye aliitwa Fildimashali, Waruhiu Itote aliyepigana Burma ndani ya King's African Rifles akajulikana kama Jenerali China, na Muthoni wa Kirima akawa mwanamke aliyepewa cheo cha Fildimashali msituni. Tukisema kwamba cheo ni cheo pale tu kinapotolewa na serikali, tutawafuta wapiganaji wa Mau Mau na kumthibitisha Amin, ambaye ndiye aliyekuwa serikali. Tukisema kila ajiitaye aitwe, neno halitabaki na uzito. Mimi naona Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutuokoa. Mtu anatunukiwa, anavishwa, anapandishwa. Au anajiita, anajivisha, anajipandisha. Kimathi alikuwa Fildimashali wa Mau Mau, na sentensi ikilitaja jeshi hilo imesema kweli yote. Amin alijivisha, na kitenzi hicho kinatosha. Mwandishi hahitaji alama za kunukuu wala neno la kejeli. Kwa maafisa wa kawaida kanuni ni ile ile: taja jeshi lililotoa cheo, kisha uandike kama lilivyokitoa.

Kuhusu wastaafu sina mengi. Cheo hakistaafu, anayestaafu ni mtu, na ndiyo maana tunasema Kanali mstaafu Abdulrahman Kinana bila kumaanisha kwamba ukanali wake umekwisha. Wadhifa ndio unaokwisha. Mkuu wa Majeshi mstaafu hana tena majeshi ya kuongoza. Mtu akiwa na cheo na taaluma, cheo hutangulia: Kanali Daktari, Meja Mhandisi. Kinachonisumbua ni kitu kingine. Tumezoea kusikia Kanali mstaafu, Kapteni mstaafu kama alivyojulikana marehemu John Komba wa majukwaa ya CCM na nyimbo zake, hata Luteni mstaafu. Hatusikii Koplo mstaafu. Hatusikii Sajini mstaafu. Anayetoka jeshini bila kamisheni anaitwa "aliyekuwa askari," kana kwamba miaka yake ishirini haikupimwa. Utaratibu wa Kiingereza uliwahifadhia maafisa desturi ya kubaki na vyeo uraiani, nasi tukaurithi bila kuuhoji. David Musuguri, aliyefariki mwaka 2024 akiwa Jenerali mstaafu na mzee wa zaidi ya miaka mia moja, aliingia King's African Rifles mwaka 1942 kama askari wa kawaida. Wengi walioingia naye hawakupanda walikopanda wachache, lakini walitembea njia ile ile.

Kwa askari wa kawaida, kutotajwa kuna historia ndefu katika ardhi hii. Katikati ya Dar es Salaam, palipokuwa na sanamu ya Wissmann yule yule, ilisimamishwa mwaka 1927 Sanamu ya Askari, shaba inayomwonyesha mwanajeshi Mwafrika na bunduki yenye singe, kwa ajili ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwamo. Hakuna jina hata moja. Umbali mfupi kutoka hapo uko Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kikosi cha wachukuzi, kama Kariokor ya Nairobi; mji ukakumbuka kikosi, ukasahau watu. Maafisa wa Kizungu waliokufa katika vita hiyo hiyo walipewa mawe yaliyochongwa cheo, jina, kikosi na tarehe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikubali katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Baadhi ya wasimamizi wa wakati ule walifikiri kwamba jamii zetu hazingejali mawe yenye majina. Hoja hiyo ilijengwa na watu ambao hawakuwauliza wajane.

Najua mhariri anaweza kunijibu kwamba gazeti halina nafasi. Habari ya ajali ya gari la jeshi ina maneno mia mbili, kamanda aliyezungumza lazima atajwe, na waliojeruhiwa watakuwa "askari sita." Nafasi ni tatizo la kweli, ila tuangalie tunavyoigawa. Wadhifa, cheo, majina matatu ya msemaji na sifa ya "Mheshimiwa" iliyobandikwa juu yake, ingawa jeshini haina kazi, vinakula mstari mzima kabla hajasema lolote. Ukiondoa kinachozidi hapo, inapatikana nafasi ya Koplo mmoja na Praiveti wawili, pale familia zao zikishaarifiwa na majina yakiruhusiwa kutajwa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo wenye cheo cha Praiveti. Siku chache baadaye majeneza yalishushwa Dar es Salaam yakiwa yamefunikwa bendera, kisha kila moja likaanza safari ya mkoani kwao, kwenye kijiji ambako ndugu walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi, na fundi wa saruji alisubiri aambiwe aandike nini juu ya msalaba au juu ya jiwe: cheo kwanza, halafu jina.